Ngozi ya Almasi

4 Februari

Kwako Dada,

Barua yako imefika, na wino umevuja juu ya jina langu kana kwamba karatasi yenyewe inanililia. Isinililie. Mimi mzima, mafua tu, nayo ni mafua ya heshima, ya kiyoyozi. Huku hatuugui ovyo.

Umeuliza nafanya kazi gani hasa, maana watu wanakuuliza na wewe unakosa la kujibu. Wajibu hivi: mdogo wangu anashika almasi. Kila siku ya Mungu. Usianze kuota mkufu, Dada. Ni kipande chembamba, kama robo ya ukucha wa kidole gumba, hakikuchimbwa popote, kimeoteshwa ndani ya mashine. Hakina rangi. Kikianguka, wasomi wote wanapiga magoti sakafuni, na mimi ndiye ninayekiona kwanza. Macho haya hayajachoshwa na vitabu.

Sasa sikiliza somo, ukae vizuri, maana mwalimu wako ni mtu aliyefukuzwa kidato cha pili. Almasi haipitishi umeme. Umeme ukibisha hodi, haifungui. Lakini sisi (nasema sisi) tunaiweka kwenye chungu cha chuma, tunanyonya hewa yote, tunaingiza gesi ya haidrojeni, halafu tunaipiga mawimbi kama yale ya jiko la kupashia chakula. Gesi inawaka zambarau, unaitazama kupitia kidirisha. Zile chembe za juu kabisa za almasi kila moja ina mkono mmoja mtupu, haina wa kushikana naye. Haidrojeni inakuja, inaushika.

Utadhani ndiyo imeisha. Bado. Ukiipima hapo hapo, kiziwi vilevile. Lazima uitoe uiache kwenye hewa ya kawaida, hii tunayoikohoa. Unyevu unatua juu yake, utando mwembamba usioonekana, unaanza kuzivuta elektroni kutoka kwenye ngozi. Elektroni zikitoka zinaacha nafasi, na nafasi hizo ndizo zinazotembea na umeme. Ndani ni jiwe lilelile. Ngozi tu ndiyo inayoongea.

Kazi yangu ni ya mwanzo kabisa, na bila mwanzo hakuna kitu. Vipande vipya vikifika vina mafuta ya kiwandani. Naviosha kwa asidi, kisha naviingiza kwenye sanduku lenye taa kali, taa ya ozoni, dakika ishirini. Vinatoka havina hata alama ya pumzi. Mkuu wa maabara, tunamwita Koti kwa sababu hajawahi kulivua, aliwahi kushika kipande changu kwenye mwanga akasema, "Hm." Kwa Koti hiyo ni hotuba.

Chumba changu kiko hosteli ya wafanyakazi, chini kabisa, dirisha linatazama matairi. Nimeshawajua madereva kwa matairi yao.

Mlango wa chumba changu huko bado unakwaruza sakafu? Usimpe mtu kile kitanda. Nikichoka narudi, nalala siku tatu mfululizo. Na bado sielewi kwa nini hutaki simu. Unasema barua itaninyoosha mwandiko. Nimeshanyooka.

Mdogo wako,
Chiriku


19 Februari

Chiriku,

Somo nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeacha kucheka. Kwanza tusahihishe historia. Hukufukuzwa shule, ulitoroka, na mwalimu mkuu alikuja nyumbani kukuulizia akiwa na kitabu chako cha hesabu ambacho hakikuwa na hesabu.

Ile habari ya mkono mtupu nimeielewa kuliko ulivyotarajia. Nimewasimulia wenzangu kazini tukiwa tunashona kola. Mmoja ameuliza kama hiyo haidrojeni ina kaka.

Huku hakuna jipya. Mlango unakwaruza. Kitanda chako nimekitandika lile shuka la mistari, kinakungoja. Jioni nawasha redio, napika, nalala mapema. Nyumba imetulia bila wewe, mpaka nasikia jirani akifungua soda.

Nina swali moja. Umeniandikia kurasa tatu. Ndani yake kuna gesi, taa, matairi na koti. Mtu aliyekuambia neno ni mmoja, na neno lenyewe ni "Hm." Unakula na nani mchana? Usiniambie wakubwa. Niambie mtu.

Kuhusu simu tulishamaliza. Kwenye simu unacheka tu, sijui lini unacheka kweli na lini unaficha kitu.

Dada yako


6 Machi

Kwako Dada mpelelezi,

Mchana nakula na watu wengi sana. Wao meza ile, mimi meza hii. Umeridhika?

Haya, ukweli. Kwa miezi mitatu nimekula nikitazama mashine ya maji. Wao si wabaya, Dada. Wananisalimia. Ila wakianza kuongea wanapanda ngazi, na mimi nabaki chini nikishika mfuko wangu wa mkate. Nikifanya mzaha, wanangoja kidogo, halafu wanaendelea.

Lakini wiki mbili zilizopita nimepata mtu. Ni msichana anayesomea udaktari wa vitabu, si wa sindano, nami namwita Msomi. Yeye naye hula peke yake, na daftari mbele kama ngao. Nilibeba sahani yangu nikaenda kukaa mbele yake. Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayekuoshea almasi zako." Akasema, "Kumbe ni wewe." Akaweka daftari pembeni. Dada, kulisogeza lile daftari ni kama mtu kukufungulia geti.

Ndiye aliyenifundisha kuhusu spini. Alichukua kifuniko cha chupa akakizungusha mezani kama pia, kile kichezeo cha watoto. Akasema kila kibeba umeme kwenye ile ngozi ni kama kina pia yake ndani. Kikisafiri, pia inageuka, inainama huku na huku, na kwenye ngozi ya almasi unaweza kuamua igeuke kiasi gani kwa kuongeza au kupunguza umeme kwa juu tu, bila kuigusa. Ukiweza kuiongoza pia, unaweza kuifanya ikumbuke kitu, kama kompyuta inavyokumbuka, kwa njia nyingine kabisa. Nikamuuliza, "Umeiona?" Akasema pia yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni alama yake. Unaipoza almasi kwa heliamu mpaka baridi inakosa jina, unaizungushia sumaku, unachora mstari wa umeme. Kama pia zinageuka kweli, mstari unaota kinundu kidogo katikati, pale sumaku inapokuwa sifuri.

Yeye amekiona hicho kinundu. Mara moja tu, Januari, kwenye kipande namba saba, akiwa peke yake chumbani. Alinionyesha kwenye simu kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake. Mimi nikasema kinafanana na yeye. Alicheka, Dada. Kwa sauti, watu waligeuka.

Sasa keshokutwa wanakuja wageni, wakubwa wa jopo linaloamua nani aendelee na nani afungashe. Atawapimia namba saba mbele yao. Na hapa ndipo mdogo wako alipotumia akili. Jana jioni nilimkuta namba saba kwenye kisanduku chake, ana vipande vya dhahabu pembeni, vya kushikia nyaya, lakini ana ukungu, kama alama ya kidole. Nikasema haiwezekani, wageni waje waone kidole. Nikamchukua kwa kibano, nikamwingiza kwenye sanduku la taa, dakika ishirini kamili. Alitoka anang'aa kama jino la mtoto. Nikamrudisha kisandukuni mwake. Sijamwambia Msomi. Nataka ashangae mwenyewe, nami nitasimama mlangoni nikiwa nimevaa uso wa mtu asiyejua kitu.

Ukimaliza kunionea fahari, ukune mgongo wa mlango wangu, uusalimie kwa niaba yangu.

Chiriku, mwoshaji mkuu


14 Machi

Chiriku,

Nimefurahi umepata mtu. Nimeisoma sehemu ya kicheko mara nyingi kuliko nitakavyokuambia. Mshike huyo. Simaanishi unavyofikiria.

Lakini kuna kitu kimenikaa. Mimi ni mshona sare, sijui spini wala pia. Nimerudi kwenye barua yako ya Februari kuhakikisha. Uliandika kwamba unyevu wa hewa juu yake ndio unaofanya ngozi iongee. Sasa ile taa, si inaondoa hata alama ya pumzi? Huo unyevu umeuacha wapi? Na ule mkono ulioshikwa, una hakika haukuachiwa?

Pengine nauliza ujinga. Niambie nauliza ujinga.

Huku ni salama, nimepaka chokaa ukuta wa mbele.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Hujajibu ile ya mwisho lakini siwezi kungoja.

Namba saba amekufa. Walimfunga kwenye chombo cha baridi, wageni wakakaa kwenye viti, Koti akiwa mbele. Msomi akawasha. Mstari ukatoka bapa kama sakafu. Hakuna kinundu, hakuna hata umeme wenyewe. Akakagua nyaya. Akarudia. Mara ya tatu akabadilisha waya, bado bapa. Mimi nilikuwa mlangoni na uso wangu wa asiyejua kitu, nao ulikuwa wa kweli, Dada, sikujua.

Koti akamuuliza mbele ya wale watu wote, kwa sauti ileile ya "Hm": "Hicho kinundu cha Januari, ulikiona au ulikichora?"

Hakuna aliyecheka. Kicheko kingekuwa afadhali.

Alikipima peke yake, mara moja, na sasa hakuna. Wanasema namba hutungwa hivyo. Jopo limempa mpaka tarehe ishirini Aprili alete kinundu au alete maelezo. Asipoleta, nafasi yake inakwenda kwa mwingine, na jina lake linabaki na doa, maana kule kwao mtu aliyetunga namba hapokelewi popote.

Mchana alikuja mezani kama kawaida. Hakula. Akasema, "Kuna kitu kimeila haidrojeni. Joto lingefanya hivyo, lakini haikupashwa moto. Ozoni ingefanya hivyo. Nimeangalia daftari la taa, hakuna aliyeandika." Mimi ndipo nilipojua. Nikasukuma sahani kando. Kila anayewasha taa lazima aandike kwenye daftari hilo; mimi sikuwa nimeandika kwa sababu nilitaka ashangae kwanza.

Jioni Koti alipita akituuliza mmoja mmoja. Aliniuliza, "Uliigusa namba saba?" Nikasema sikuigusa. Na kweli sikuigusa, nilitumia kibano. Unaona nilivyo mjanja.

Dada, mimi nafungasha. Mwisho wa mwezi nakuja nyumbani. Nikiwa njiani nitamwandikia Msomi barua amwoneshe Koti, nitasema yote, nikiwa mbali. Toa vitu vyako kwenye kitanda changu.

Mdogo wako


23 Machi

Chiriku,

Barua yako ya mwisho imepishana na yangu. Umeshajua kwamba sikuuliza ujinga. Natamani ningekuwa nimeuliza.

Sasa nisikilize. Usije. Kaa hapo. Nyamaza. Umeshasema hukuigusa, basi iwe hivyo. Yeye ni msomi, ana vyeti, ataangukia mahali. Wewe ukitoka hapo unaangukia wapi? Kazi kama hiyo hutaipata tena, na cheti chako ni mdomo.

Usimwandikie mtu barua. Osha vipande vyako. Hili litapita.

Dada yako


1 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako nikageuza bahasha kuangalia kama ni ya mtu mwingine.

Wewe ndiye uliyenishika sikio kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa fundi redio, siku nilipoifungua redio ya mteja wake nikashindwa kuiunganisha tena. Nilikuwa na miaka tisa. Ulinisimamisha mbele ya watu ukasema, "Ongea." Sikio la kushoto mpaka leo ni refu kuliko la kulia, nikikata nywele kinyozi huuliza. Leo unaniambia ninyamaze?

Msomi anafungasha vitabu vyake kidogo kidogo, kila siku viwili. Anadhani hatuoni. Mezani bado anakaa nami. Wengine wameacha kumsalimia, siyo kwa ubaya, wanaogopa kuambukizwa. Kwa hiyo sasa mimi ndiye rafiki yake pekee jengo zima. Mimi. Jana alinieleza jinsi atakavyowaambia wazazi wake. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia pole.

Na kuna jambo jingine, nilikuwa nimelinyamazia kwa adabu. Februari uliandika umetandika lile shuka la mistari kwenye kitanda changu. Dada, shuka la mistari niko nalo huku. Nililiiba siku naondoka, nililifunga chini ya begi. Nalilalia. Nilifikiri umesahau, nikasema anazeeka, tumwache. Sasa nalifikiria tena. Ulitandika nini? Umepaka chokaa ukuta upi?

Kama hutaki mdogo wako arudi, andika hivyo. Usinifundishe uongo ili nisipande gari.

Chiriku


8 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekamatwa na shuka.

Nyumba haipo. Ipo, lakini wanakaa watu wengine, wana watoto wawili na baiskeli. Niliurudisha ufunguo wiki ya nne tangu uondoke. Kitanda chako nilimpa mama mmoja wa kazini. Mlango sijui kama bado unakwaruza.

Wiki ya kwanza niliporudi kutoka kazini nilimimina chai vikombe viwili. Nikacheka, nikarudisha kimoja kwenye birika. Ya pili nikafanya tena. Ya tatu nilijikuta nagombana na mlango kwa sauti, nikiuambia uache kelele, kama nilivyokuwa nikikuambia wewe. Jirani aliniuliza kupitia ukutani kama nina wageni. Nikasema ndiyo. Nikamtajia na majina. Siku hiyo niliogopa.

Sasa nalala hapa hapa karakana, chumba cha nyuma, pamoja na wale wenzangu wawili. Kutoka godoro langu mpaka cherehani yangu ni hatua kumi na nne. Sanduku la posta ni lilelile, ndiyo maana hukujua. Na simu, sasa unaelewa. Ungesikia mashine zikilia nyuma yangu, ungeuliza hapo ni wapi. Wewe uliondoka kwa sababu ulijua kuna pa kurudi. Sikutaka kukuondolea hilo ukiwa bado mgeni huko. Kwa hiyo nikakutandikia kitanda kwa kalamu. Nilikuwa napenda kukitandika. Jumapili nilikuwa nakaa nafikiria nikuambie nini kuhusu nyumba, mpaka nikaiona.

Ulipoandika unakuja, nilipata hofu kama mwizi aliyewashiwa taa. Sina pa kukuweka. Ndipo nikakuambia unyamaze. Huo haukuwa ushauri, nilikuwa najificha, na nilikuwa tayari yule msichana aende na doa ili mimi nisigundulike. Nimeyaandika haya kwa mwandiko mkubwa ili nisiweze kujifanya sikuandika.

Sasa unajua. Huna pa kukimbilia, na yeye ana mpaka tarehe ishirini. Sikio lako sitalishika, mkono wangu haufiki. Utakalofanya utalifanya mwenyewe, na mimi nitakuwa dada yako hata hivyo.

Dada


17 Aprili

Dada,

Nilitembea na barua yako mfukoni siku moja na nusu. Ilikuwa nzito kuliko mtungi wa gesi. Kwanza nilikukasirikia. Halafu nikaona picha ya wewe na vile vikombe viwili, hasira ikakosa pa kukaa. Mimi huku nilikuwa naongea na matairi, nikasema hayo ni mazoezi ya lugha. Tumezaliwa nyumba moja kweli.

Jana nilikwenda kwa Koti kwanza, maana nilijua nikianza na Msomi nitaishia kwake. Nikasema, "Namba saba niliitia kwenye sanduku la taa. Dakika ishirini. Tarehe tano Machi jioni."

Akavua miwani. "Nilikuuliza kama uliigusa."

"Nilitumia kibano, mzee."

Akaifuta kwa ncha ya koti. Nilingoja "Hm" yangu, haikuja. Akasema, "Kwa nini?"

Nikasema nilidhani ni chafu.

Akaita Msomi, nikarudia mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Dada, hakupiga kelele. Alifungua daftari lake, akauliza, "Taa ilikuwa umbali gani? Kifuniko kilifungwa chote? Ilikuwa imepata joto kwanza au uliiwasha na kipande kikiwa ndani?" Nikamjibu moja moja. Akaandika yote. Kisha akachukua namba kumi na moja, ambayo haina thamani sana, akaipima: inapitisha umeme. Akaiweka kwenye taa vilevile nilivyomwambia. Dakika ishirini tulikaa watu watatu tukitazama sanduku. Akaipima tena. Bapa kama sakafu.

Koti akasema, "Basi hukuchora." Ni hilo tu alilosema, na sauti yake haikuwa na samahani ndani yake, lakini aliandika barua kwa jopo hapo hapo akiwa amesimama, nami niliiona ikitoka kwenye mashine. Leo asubuhi jopo limejibu, wamempa miezi sita aanze upya. Namba saba haiwezi kurudi ilivyokuwa. Itabidi dhahabu itolewe, ipigwe haidrojeni tena, na ngozi itakayoota haitakuwa ile ya Januari. Kinundu kile hakitaonekana tena hapo. Huenda kitaonekana kwenye nyingine, huenda kisionekane. Sasa huo ni mzigo wake, na niliyembebesha ni mimi.

Koti alipotoka tukabaki wawili. Nikatafuta mzaha, nilikuwa na mmoja tayari kuhusu kibano. Haukutoka. Yeye akafunga daftari, akasema polepole, "Ulikaa mbele yangu zaidi ya mwezi mzima. Nilikueleza nitakavyomwambia mama yangu. Ukaniambia pole, ukaniomba chumvi."

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Mimi kwenye hili jengo nilikuwa na mtu mmoja."

Akachukua vitu vyake. Leo mchana alikaa meza nyingine, na lile daftari mbele. Nilikula nikitazama mashine ya maji. Sikumfuata. Nadhani kumfuata kungekuwa tena kuosha kitu kisichotaka kuoshwa.

Mimi kazi imekwisha. Koti amechukua ufunguo, na chumba cha hosteli ni changu mpaka tarehe thelathini. Alisema angeweza kunivumilia kuosha vibaya, lakini hawezi kumvumilia mtu asiyeandika kwenye daftari. Nimemwelewa. Baada ya hapo sijui. Sikuandikii ili uniweke mahali, najua hakuna mahali. Nakuandikia ili kuwe na mtu mmoja anayejua niko wapi mpaka tarehe thelathini.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Nimewaambia wenzangu kuna mtu anakuja. Wameuliza nani. Nimesema ni mdogo wangu, anaongea sana, ila siku hizi anaongea na ukweli kidogo.

Chumba cha nyuma hakiingii godoro la nne. Lakini hapa mbele kuna meza ya kukatia vitambaa, tukifunga kazi haina mtu. Asubuhi utaamka kabla ya mashine, hilo halina mjadala. Jana niliipima kwa futi, halafu nikapanda nikalala juu yake kuona kama ni ngumu. Ni ngumu. Nikajaribu kukumbuka urefu wako, nikaomba mmoja asimame mlangoni apandishe mkono juu ya kichwa chake mpaka nikasema hapo, basi, ni hapo.

Miguu itabaki nje kuanzia kifundoni. Nimeweka kiti.

Dada